Wanagenzi na wauze ujuzi mtandaoni, wasiuze majina yao

Muhula uliopita, nilipokuwa nikisahihisha majibu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu, nilikumbana na kauli iliyonifanya niiweke kalamu chini. Mwanafunzi alikuwa ameandika kwamba Kiswahili kina irabu sita. Ingekuwa kauli ya mtu mmoja, ningeikata kwa wino mwekundu na kuendelea. Lakini ilijitokeza tena katika karatasi ya pili, ya tatu na hatimaye ya saba, sentensi ile ile, neno kwa neno. Kila mtoto anayejua kusoma anajua kwamba irabu zetu ni tano. Hiyo ya sita ilitoka wapi?

Nilipowauliza, walinionyesha tovuti moja ya masomo kwenye rununu zao. Niliifungua nikapigwa na butwaa. Yaliyokuwamo ni maandishi yangu mwenyewe, niliyowagawia wanafunzi miaka mingi iliyopita, yamenakiliwa yote isipokuwa jina langu. Hata kosa langu la kupiga chapa, "sita" mahali pa "tano", lilikuwa pale pale, limetunzwa kama lulu. Juu, chini na kando ya maandishi hayo palijaa matangazo ya mikopo ya haraka na ya michezo ya kamari. Mtu nisiyemjua alikuwa akivuna pesa kwa jasho langu, na wanafunzi wangu walikuwa wakipoteza alama kwa kosa langu.

Niliwarudishia alama zao. Hasira ziliponitoka, nilijiuliza swali gumu zaidi. Iwapo maandishi haya yana thamani ya kumlisha aliyeyaiba, mbona mimi niliyeyaandika niliyafungia kabatini? Laiti ningeyachapisha mwenyewe, kwa jina langu, mtu angeliona kosa hilo mapema na kunisuta, nami ningelirekebisha kabla halijaota mizizi.

Wiki hiyo hiyo alinijia mwanafunzi mwingine, binti hodari ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa hajawasilisha insha yake. Hakusingizia maradhi wala msiba. Alinieleza bila kuficha kwamba alikuwa amekesha siku mbili akiandika insha ya mwanafunzi wa ng'ambo asiyemjua hata kwa jina, kwa sababu alihitaji kukamilisha karo. Insha ile ilihusu jinsi watoto wanavyojifunza lugha ya kwanza. Yangu ilihusu fonimu za Kiswahili. Ile ya ng'ambo ilikuwa na malipo, yangu ilikuwa na alama tu, naye akachagua kama ambavyo mtu mwenye deni huchagua.

Visa hivi viwili vina mzizi mmoja. Katika cha kwanza, maandishi yanachumiwa pesa baada ya jina la mwandishi kufutwa. Katika cha pili, mwandishi mwenyewe analifuta jina lake na kumuuzia mwingine haki ya kuandika la kwake. Wote wawili, mwizi na kibarua, wamegundua jambo ambalo sisi walimu tumechelewa kulikiri: kwamba maarifa yaliyoandikwa vizuri yana soko mtandaoni. Swali lililobaki ni nani atafaidika nayo, na kwa jina la nani.

Vijana wetu huambiwa kila uchao kwamba mtandaoni kuna utajiri wa haraka. Ni vyema tufahamu pesa zenyewe hutoka wapi. Chukua mfano wa mwenye duka lililo kando ya barabara. Kampuni ya sabuni au ya simu humjia ikaomba kuupaka ukuta wake rangi na kuandika tangazo lake. Ukuta wa barabara kuu una thamani kuliko ukuta wa kichochoroni, kwa kuwa macho yanayopita ni mengi. Tovuti ni ukuta wa namna hiyo. Mwaka 2003 Google ilianzisha mpango uitwao AdSense, ambao humwezesha mwenye tovuti kuikodisha nafasi kwa watangazaji asiowajua. Google hutafuta tangazo, huliweka, hupokea pesa, kisha humwachia mwenye tovuti takriban asilimia 68 ya kinacholipwa na mtangazaji. Zamani malipo yalitegemea hasa idadi ya wasomaji waliobofya tangazo. Tangu mwaka 2024 yanategemea idadi ya mara ambazo tangazo limeonyeshwa.

Hebu tupige hesabu ya darasani. Tuchukulie kwamba kila kurasa elfu moja zinazosomwa zinamletea mwandishi dola moja. Google haimlipi mtu hadi akusanye dola 100. Basi kurasa zake lazima zisomwe mara 100,000 kabla hajapokea malipo ya kwanza, ambayo ni kama shilingi 13,000. Mwandishi mwenye wasomaji 200 kwa siku atasubiri siku 500. Sisemi kwamba kiwango hicho ni cha kila mtu. Kuna wanaopata zaidi na kuna wanaopata kidogo kuliko hapo. Nataka tu mwanafunzi anayeacha masomo kwa kuahidiwa utajiri wa mwezi mmoja aijue hesabu hii kabla ya kuuza kitabu chake anunue vifurushi vya data.

Tena ukuta huu una masharti yake. Anayetaka kujisajili lazima awe ametimiza umri wa miaka 18. Aliye chini ya umri huo hana budi kupitia kwa mzazi au mlezi. Mapato yake yakifika dola 10, hutumiwa kwa posta barua yenye nambari ya siri ya kuthibitisha anwani yake. Ndiyo, kwa posta, katika zama hizi! Asiyekuwa na sanduku la barua inafaa aombe mapema idhini ya kutumia la mzazi au la shule. Kubwa zaidi, ni marufuku kuyabofya matangazo yaliyo kwenye tovuti yako mwenyewe au kuwaomba wengine wakubofyee. Wapo wanafunzi ambao huwaomba wenzao wa darasa "wawasaidie" kwa njia hiyo. Msaada wa namna hiyo ni wa paka kumsaidia panya: akaunti hufungwa, na pesa zilizokusanywa zikapotea.

Kuna suala jingine linalotuhusu sisi watu wa lugha. Bei ya tangazo hutegemea mada ya tovuti na mahali alipo msomaji. Msomaji aliye Marekani humgharimu mtangazaji zaidi kuliko msomaji aliye Kakamega au Kilifi, kwa kuwa anadhaniwa kuwa na uwezo zaidi wa kununua. Kwa hivyo mwanafunzi hushauriwa aandike kwa Kiingereza na kuiacha lugha yake. Ushauri huo una ukweli nusu. Ni kweli kwamba anayeandika kwa Kiingereza analenga soko la watu wenye pesa. Lakini humo anashindana na mamilioni ya waandishi, magazeti makubwa na vyuo vikuu vya dunia nzima. Kwa Kiswahili, lugha ambayo UNESCO husema ina wasemaji zaidi ya milioni 200, bado kuna maswali chungu nzima ambayo mtu akiyauliza mtandaoni hapati jibu la kuridhisha. Palipo na maswali mengi na majibu machache pana nafasi ya kazi.

Waliotangulia walilitambua hilo zamani. Ndesanjo Macha, mwandishi Mtanzania, alianza kuandika blogu ya Kiswahili mwaka 2004. Mwaka uliofuata, mpigapicha wa magazeti Issa Michuzi naye akaanzisha yake, akaijaza habari na picha za Watanzania wa nyumbani na wa ughaibuni. Wasomaji waliifuata kwa wingi kwa kuwa yaliyokuwamo hayakupatikana kwa urahisi penginepo. Hawakushindana na magazeti ya London. Waliandika walichokijua, kwa watu waliowajua, katika lugha waliyoimudu.

Hapo ndipo ninapoona njia ya walimu na wanagenzi wetu. Tusiyategemee matangazo peke yake. Matangazo ni makombo. Mlo wenyewe ni ujuzi. Mwalimu wa sekondari aliyefundisha riwaya kwa miaka kumi anajua mahali hasa ambapo watahiniwa hukwama. Akiandika kila wiki uchambuzi mfupi, kwa maneno yake mwenyewe, wanafunzi na walimu wa shule nyingine watamjua. Wakimjua wataweza kununua kijitabu chake cha mazoezi, kuhudhuria mafunzo yake ya likizo, au kumwomba awahakikie kazi zao, na malipo yatamfikia kwa M-Pesa bila kusubiri dola 100 wala barua ya posta. Duka la vitabu la mjini kwake linaweza kumlipa moja kwa moja liweke tangazo lake pale. Kuna pia mtindo wa kupendekeza bidhaa za wengine na kulipwa asilimia ndogo msomaji anaponunua, mtindo ambao Amazon imeutumia tangu 1996. Wanafunzi wengi hukimbilia huo. Mimi ningewasihi wapendekeze tu kitu ambacho wamekitumia wenyewe. Msomaji akidanganywa mara moja harudi.

Gharama ya kuanza si kubwa. Huduma ya Blogger, iliyozaliwa 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, humpa mtu ukurasa bila malipo. Anayetaka anwani yake mwenyewe, yenye jina lake na kikomo cha .co.ke, huilipia kila mwaka ada ambayo haizidi sana bei ya kitabu kimoja cha kiada. Kilicho ghali ni muda na uvumilivu. Mkulima wa mahindi husubiri miezi. Mkulima wa minazi husubiri miaka. Tovuti ni mnazi.

Sasa turudi kwa binti yule na insha zake za usiku. Sikumkemea. Mwenye njaa hahubiriwi. Nilimwomba tu tuitazame biashara hiyo kama biashara. Anapomaliza insha, anabakiwa na nini? Hawezi kuionyesha kwa mwajiri, hawezi kuichapisha, hawezi hata kukiri kwamba aliiandika. Kesho anaanza tena bila chochote, kama kibarua anayepalilia shamba ambalo hatalivuna. Juu ya hayo, kila insha humwezesha mtu fulani kutunukiwa shahada asiyoistahili, ambaye kesho huenda akawa mwalimu au muuguzi wa watu. Nchini Uingereza sheria iliyopitishwa 2022 imefanya kuwa kosa la jinai kuwauzia wanafunzi wa vyuo vya England kazi za namna hiyo. Na tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipotolewa kwa umma, wengi wa wateja hao wamegundua kwamba mashine inaweza kuwaandikia kwa bei ya chini au bila malipo. Waandishi wa humu nchini wamelalamika kwamba kazi zimeadimika. Kazi isiyokuwa na jina ndiyo kazi ambayo mashine huichukua kwanza.

Mtu ataniuliza, je, mashine hizo haziziangamizi tovuti pia? Swali ni la haki. Tangu mwaka 2024 Google huweka juu ya orodha ya matokeo, katika nchi nyingi, jibu lililotungwa na akili unde, na msomaji aliyelipata jibu hapo huenda asiifungue tovuti yoyote. Anayeandika yale ambayo kila mtu huyaandika, kwa mfano orodha ya ngeli au maana ya sitiari, atapoteza wasomaji. Lakini mashine haijawahi kusimama mbele ya darasa la wanafunzi sitini alasiri ya Ijumaa. Haijui ni kwa nini mtoto anayezungumza lugha fulani nyumbani huchanganya sauti /r/ na /l/, wala mbinu gani ilimsaidia mwalimu wake kumnasua. Mwandishi mwenye tajriba yake, mifano yake na jina lake bado ana la kuuza.

Kuna mambo matatu ya sheria ambayo mwanagenzi anapaswa kuyazingatia. La kwanza ni hakimiliki. Sheria yetu ya mwaka 2001 humlinda mwandishi tangu anapoyaweka mawazo yake katika maandishi, na ulinzi huo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuchambua riwaya kwa maneno yako ni halali; kuinakili sura kwa sura ni wizi. Karatasi za mitihani ya kitaifa nazo zina mwenyewe, Baraza la Mitihani, hata kama zimezagaa kila mahali. La pili ni kodi. Sheria ya fedha ya 2023 iliweka makato ya asilimia 5 kwa malipo yanayotokana na maudhui ya kidijitali kwa wakazi wa Kenya. Anayechuma na atunze hesabu zake. La tatu ni kwamba sheria hazifanani kote. Jirani zetu wa Tanzania mwaka 2018 waliwekewa kanuni zilizomtaka mwenye blogu kulipa jumla ya shilingi milioni 2.1 za huko ili kupata leseni, na waandishi kadhaa wakazima blogu zao; kanuni hizo zilibadilishwa 2020. Sisi ambao hatujatozwa ada ya kusema tungekuwa na kisingizio gani cha kunyamaza?

Lawama, hata hivyo, haziwaendei wanafunzi pekee. Sisi wahadhiri tumewafundisha kuandika insha ambazo msomaji wake ni mmoja tu, naye hulipwa kuzisoma. Zikishasahihishwa huishia kwenye rafu zikaliwa na mchwa. Ingetugharimu nini kumtaka kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu aandike makala moja yenye manufaa kwa mwalimu wa shule ya msingi, aichapishe kwa jina lake mahali ambapo umma utaisoma, nasi tuitunuku alama? Walimu wakuu nao, badala ya kuwashuku walimu wenye tovuti kwamba wanapoteza wakati wa kazi, wangewapa saa moja kwa wiki wawaandikie wanafunzi wao na wa shule jirani. Tusipofanya hivyo, tutaendelea kuwaachia nafasi hiyo wanaonakili, na irabu za Kiswahili zitaendelea kuongezeka.

Huenda msomaji angependa nimalizie kwa kusema kwamba binti yule ametajirika. Hajatajirika. Hakuziacha insha za watu siku ile ile. Karo haingoji mawaidha. Lakini alifungua tovuti ndogo ya sarufi na mazoezi ya ufahamu, jina lake kamili likiwa juu. Hadi ninapoandika haya, matangazo hayajamletea senti. Hata hivyo, walimu wawili wa sekondari, ambao hajawahi kuonana nao, wamemlipa awaandalie mazoezi ya muhula mzima. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo kuliko alichokuwa akilipwa kwa insha mbili za ng'ambo. Aliponieleza, nilimwona akitabasamu kwa namna ambayo sikuiona siku aliyoniambia kuhusu zile insha. Walimu hao walimwandikia kwa jina lake.

Nami nimefungua kabati langu. Ukurasa wa kwanza niliouchapisha ni ule ule ulioibwa, nikiwa nimeupitia mstari kwa mstari. Unasema kwamba Kiswahili kina irabu tano, nazo ni a, e, i, o na u. Chini yake nimeandika jina langu, ili nikikosea tena, mwenye kunisuta ajue pa kunipata.